RAMADHANI, SIKU YA 12: KARANI WA FORODHA



Ndugu yangu mfungaji, leo nakuletea mtu ambaye pengine unamjua kwa jina tu. Ulimsoma shuleni kwa ajili ya mtihani, ukafaulu, ukamsahau. Ni Shaaban Robert. Na kabla hujauliza: ndiyo, alikuwa Muislamu, mtoto wa Tanga, na hilo Robert ni jina la baba yake. Basi, tusikwame hapo.

Alizaliwa Vibambani, jirani na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaajiriwa ukarani wa forodha, Pangani. Forodhani alikaa mpaka 1944. Hebu hesabu mwenyewe: miaka 18 ya kuandika mizigo ya watu wengine. Baadaye alihamishiwa bara, kisha akarudi Tanga, lakini ukarani ukawa ule ule wa serikali ya kikoloni. Mashairi aliyaandika baada ya kazi. Hakuna aliyemlipa mshahara wa kutunga.

Sasa jiulize, karani Mwafrika wa miaka ya 1930 mwenye shairi mkononi alipeleke wapi? Zamani za Muyaka wa Mombasa shairi halikumngoja mchapaji. Lilisemwa barazani, watu wakalishika kichwani, likatembea lenyewe. Lakini wakati wa Shaaban mambo yalishabadilika, mwenye neno alitaka karatasi.

Mlango mmoja ulikuwa Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa na nafasi ya mashairi, na watu waliituma mitungo yao kutoka kila pembe. Huyu anauliza jambo kwa shairi, yule wa mji mwingine anamjibu toleo linalofuata. Wewe leo ukituma ujumbe kwenye kundi, dakika tano zikapita bila mtu kujibu, unaufuta! Wenzako walingoja mwezi, na huenda wasitokee kabisa. Shaaban alituma, akaendelea kutuma, mpaka wasomaji wakamzoea.

Lakini gazeti halibebi diwani, na mchapaji wa vitabu vya mashairi ya Kiswahili alikuwa haba kweli kweli. Basi unajua Pambo la Lugha kilichapwa wapi? Johannesburg, Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chuo hicho hicho mwaka 1940 kilikuwa kimetoa diwani ya huyo Muyaka, karibu miaka mia baada ya kufa kwake. Kusadikika ilitolewa na Nelson, kampuni ya Waingereza, mwaka 1951. Mtu anakaa Tanga, anaandika kwa lugha ya watu wa Tanga, na maneno yake yanavuka bahari kwanza ndipo yarudi nyumbani kama kitabu. Na usidhani angeweza kusema lolote apendalo. Kile Kusadikika ni kisa cha nchi iliyo angani, na mtu aitwaye Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu ya kutaka kufundisha sheria. Mwenye akili alielewa ni nchi gani.

Mimi lakini kinachonishika zaidi ni mambo ya nyumbani kwake. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi la maombolezo. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, wasia wa mzazi kwa mtoto, kama Mwana Kupona alivyomfanyia bintiye kule Pate karne moja kabla. Mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Sisi wazazi wa leo wasia wetu ni kelele tu asubuhi wakati wa kwenda shule, au nasema uongo?

Akafariki Tanga mwezi Juni 1962, umri miaka 53. Uhuru wa Tanganyika aliuona kwa miezi sita hivi. Na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu sana, aliyoitunga juu ya vita kuu vya 1939 hadi 1945, ulichapwa 1967. Kufikirika, 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, 1968. Vyote hivyo mwenyewe yuko kaburini. Ile hadithi ya mambo matatu yanayobaki baada ya mtu kufa unaijua, na elimu yenye kunufaisha ni moja kati yake. Lakini elimu ile ilikuwa karatasi kwanza, na karatasi huliwa na mchwa. Lazima pawe na mtu wa kuitunza.

Mtu kama ndugu yake, Yusuf Ulenge. Shaaban alimwandikia barua kuanzia 1931 hadi 1958. Barua za ndugu kwa ndugu, za kawaida tu. Yeye hakuzitupa. Mwaka 2002 zikatoka kitabu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo tunajua habari nyingi za Shaaban kwa sababu mtu mmoja aliona amana katika bahasha kuukuu.

Sasa Idi inakaribia, na wiki hizi akina mama watapiga deki, watatoa masanduku nje, na yale makaratasi ya babu yatatafutiwa kiberiti. Ngoja kwanza. Wazee wetu wengi walitunga kaswida na tenzi, wakaziandika kwa herufi za Kiarabu, na hawakupata hata hiyo Mambo Leo ya kuzipeleka. Ukikuta daftari usiloweza kulisoma, niletee baada ya tarawehe tulisome pamoja. Huenda ikawa ni hesabu ya nazi tu. Tuione kwanza.