Heinrich Barth: mgeni aliyelindwa Timbuktu

Wengi wetu tumesikia jina la Timbuktu kama jina la mahali pa mbali kusikofikika. Lakini ni mji wa kweli, katika nchi ya Mali, ukingoni mwa jangwa la Sahara, karibu na mto Niger. Kwa karne nyingi ngamia walileta chumvi kutoka jangwani, na dhahabu ilitoka kusini. Wanazuoni wake waliandika na kutunza vitabu vingi. Huko Ulaya watu walidhani ni mji wa utajiri usio na mwisho. Mwaka 1826 Mwingereza Gordon Laing aliufikia, lakini aliuawa muda mfupi baada ya kutoka.

Heinrich Barth alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 16 Februari 1821, katika familia ya Kiprotestanti. Alisoma chuo kikuu cha Berlin, akajifunza Kiarabu, akatembea Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1850 aliondoka Tripoli katika msafara wa serikali ya Uingereza. Kiongozi wake alikuwa James Richardson, mtu aliyepinga sana biashara ya watumwa. Wa tatu alikuwa Mjerumani kijana, Adolf Overweg.

Safari ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Karibu na Ghat, Barth alipanda mlima peke yake, akapotea bila maji. Kiu ilimzidi hata akanywa damu yake mwenyewe, mpaka Mtuareg mmoja akampata na kumwokoa. Katika milima ya Aïr, watu wenye silaha waliwaambia wachague: kuwa Waislamu au kufa. Wote watatu walikataa. Mwishowe waliachwa baada ya kutoa mali nyingi. Richardson alikufa kwa ugonjwa mwaka 1851, na Overweg mwaka 1852 karibu na Ziwa Chad. Barth alibaki peke yake. Angeweza kurudi nyumbani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aligeukia magharibi.

Njiani alijiita Abdul Karim, na alipokaribia Timbuktu alijifanya Mwarabu wa Syria. Aliingia mjini tarehe 7 Septemba 1853. Hakuona mji wa dhahabu. Aliona nyumba za udongo, misikiti mikubwa mitatu, na wakazi ambao aliwakadiria kuwa kama 13.000. Haukupita muda, siri yake ikajulikana: mgeni huyu ni Mkristo.

Mtawala wa Masina, Mfulani aliyedai mamlaka juu ya mji, aliagiza afukuzwe au akamatwe. Ndipo alisimama Sheikh Ahmad al-Bakkay, kiongozi wa dini wa ukoo wa Wakunta. Alikuwa Mwislamu wa imani thabiti, na mara nyingi alijadiliana na Barth juu ya dini zao. Hata hivyo alikataa kumtoa. Kwake, mtu aliyekuja kwa amani na kupewa ulinzi hawezi kuguswa. Alimwandikia mtawala wa Masina barua ya kumtetea mgeni wake. Hatari ilipozidi, alimtoa mjini akamweka kwenye kambi yake, kati ya mahema ya watu wake. Mambo hayo yalidumu zaidi ya miezi saba. Mwaka 1854 alimsindikiza mwenyewe kando ya mto hadi Gao.

Huko Ulaya habari zilikuwa zimeenea kwamba Barth amekufa. Alirudi London mwaka 1855, kisha akatoa vitabu vitano vikubwa juu ya safari yake. Ndani yake aliandika historia ya falme za Afrika na msamiati wa lugha zake, wakati Wazungu wengi walisema Afrika haina historia. Alikufa Berlin tarehe 25 Novemba 1865, akiwa na miaka 44 tu. Sheikh al-Bakkay naye aliaga dunia mwaka huohuo.

Tunajifunza nini sisi tulio mashariki ya Congo? Tunajua maana ya mgeni kubisha mlango usiku na mzigo kichwani, na tunajua woga wa kuulizwa na wenye silaha: ni nani huyo uliyemficha? Familia nyingi za makanisa yetu zimewapokea watu waliokimbia vita bila kuuliza kabila lao. Nyingine zimefunga mlango kwa sababu ya jina au lugha. Bwana Yesu aliposimulia habari za Msamaria, alimweka mtu wa imani nyingine kuwa mfano kwa wasikilizaji wake. Sheikh wa Timbuktu anatuuliza swali lilelile. Yeye alimlinda Mkristo huku akijua gharama yake. Je, sisi Wakristo tutamlinda nani?