Matt Talbot, Mlevi Aliyefunguliwa

Wapendwa wakatekumeni, katika vijiji vyetu vya Gety pombe haikosekani. Watu huinywa arusini, msibani na siku ya soko. Si kila anywaye atenda dhambi, maana hata Bwana wetu alikubali kualikwa arusini kule Kana. Lakini mnazijua nyumba ambamo fedha ya shule ya watoto imekwisha kwa kaikpo. Kwa hiyo sikilizeni habari za mtu aliyeshikwa na kileo, kisha akafunguliwa.

Matt Talbot alizaliwa tarehe 2 Mei 1856 mjini Dublin, katika nchi ya Ayalandi huko Ulaya. Wazazi wake walikuwa maskini wenye watoto 12, na baba yake alipenda mno kunywa. Matt aliacha shule akiwa na miaka kama 12, akapata kazi kwa mfanyabiashara wa vileo, mahali pa kujaza chupa. Huko alianza kunywa, na haukupita muda mrefu akawa mlevi. Baadaye alikuwa mchukuzi wa waashi, na mshahara wake wa Jumamosi uliishia katika nyumba za pombe. Fedha ilipokwisha aliweka rehani hata viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya kipofu aliyepiga muziki barabarani, wakaiuza wapate kunywa.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alisimama Jumamosi moja karibu na nyumba ya pombe bila senti mfukoni. Alitumaini kwamba rafiki zake, aliowanunulia mara nyingi, wangemwita waingie pamoja. Wote walipita, wala hakuna aliyemwalika. Akarudi nyumbani mapema kuliko desturi yake, akamwarifu mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha kileo. Mama akamwonya asiiweke kama hana nia ya kuishika. Jioni ile Matt alikwenda kwenye seminari ya Clonliffe, akaungama kwa padri, akaahidi kutokunywa kwa miezi mitatu.

Angalieni vema: hakuahidi maisha yote kwa siku moja. Hata ile miezi mitatu ilimlemea, akasema kwamba itakapokwisha atarudia kunywa. Lakini aliitambua saa yake ya hatari, nayo ilikuwa jioni, atokapo kazini pamoja na wenzake. Saa hiyo akawa anaingia kanisani na kukaa humo akisali. Tena aliacha kutembea na fedha mfukoni. Miezi ilipotimia aliongeza mingine, na mwishowe akaahidi kwa maisha yote. Kila alfajiri alihudhuria Misa kabla ya kazi. Alilipa madeni yake ya pombe. Yule kipofu alimtafuta sana asimpate, akatoa fedha ili Misa zisomwe kwa ajili yake.

Tarehe 7 Juni 1925, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, alianguka njiani akienda Misa, akafa. Alikuwa ameishi miaka 41 bila kileo. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitangaza kwamba mtu huyu alizishika fadhila kwa ushujaa.

Ndugu, wewe unayejiandaa kwa ubatizo, jichunguze: ni saa ipi inayokuangusha? Ni njia ipi inayokupeleka huko? Ni nani anayekuita? Siku ya soko pita njia nyingine, na fedha ya mavuno mpe mke wako aitunze. Ahidi muda unaoweza kuushika, mbele ya msimamizi wako, ukautimize. Lakini yule ambaye mwili humtetemeka akikosa pombe aende kwanza kituo cha afya, kwa sababu kuiacha ghafula kwaweza kumdhuru. Na ukianguka, usikae mbali na mafundisho kwa haya. Njoo siku inayofuata, tutaanza tena pamoja.