Mangi Meli: kichwa kinachotafutwa kwa vinasaba

Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi alifariki mwaka 1891 na Meli akashika nafasi yake akiwa bado kijana. Baba alikuwa ameelewana na Wajerumani kwa hesabu zake za kisiasa, ila mtoto hakutaka kuinama. Juni 1892 Albrecht von Bülow alipanda Moshi na askari wake. Wapiganaji wa Meli wakawachapa, na von Bülow mwenyewe akafa kwa majeraha.

Ushindi ule haukudumu. Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa. Aliendelea kuitwa Mangi, lakini chini ya bendera ya wengine. Baadaye akatuhumiwa kupanga uasi. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa kwenye mti huko Old Moshi pamoja na wenzake 18, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho. Familia inasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Hadithi hiyo si ya ajabu. Kule Berlin, Felix von Luschan alikusanya maelfu ya mafuvu kutoka makoloni ili kuyapima na kulinganisha watu. Mjukuu wa Meli, Isaria Meli, alidai kichwa cha babu yake kwa miaka mingi, na mwaka 2018 akatoa sampuli ya vinasaba. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yakatangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki. Fuvu moja, lililoandikwa neno Akida, lililingana na mzao wa mshauri wa Meli. Mengine mawili yalikaribiana sana na ukoo wa Molelia. La Meli halikupatikana.

Sasa sisi wa ualimu tujiulize: kesi hii tutaifundishaje? Wengi wetu tutapangiwa shule za kata. Tuseme umepangiwa Busi, wilayani Kondoa, na kompyuta hakuna. Bayoinfomatiki, yaani kusoma vinasaba kwa hesabu, inaweza kuanza na chaki tu. Andika ubaoni mistari mitatu ya kubuni:

Fuvu: ACGTTAGC
Mtu wa kwanza: ACGTAAGC
Mtu wa pili: TCGAAAGC

Wanafunzi wahesabu herufi zinazotofautiana. Fuvu na mtu wa kwanza wanatofautiana herufi 1, mtu wa kwanza na wa pili 2, fuvu na mtu wa pili 3. Waliokaribiana zaidi waunganishwe kwanza, halafu wa tatu apewe tawi lake chini zaidi. Huo ndio mti wa nasaba. Kompyuta inafanya kazi ileile, ila kwa maelfu ya herufi.

Halafu waulize kwa nini mjukuu wa upande wa baba anafaa. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika, kwa hiyo mjukuu wa kiume wa ukoo uleule anayo ya babu yake. Mtoto wa Busi anayejua kutaja babu zake ataelewa hapo hapo.

Swali gumu libaki la mwisho: je, kutolingana kunathibitisha kwamba kichwa hakikupelekwa Ujerumani? Hapana. Kunasema tu kwamba mafuvu yaliyopimwa si yake. Vinasaba havizungumzi juu ya fuvu lililo kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa. Mwanafunzi akishaiona tofauti hiyo, ameelewa sayansi kuliko aliyekariri maana ya DNA kwa ajili ya mtihani. Na ataelewa pia kwa nini Old Moshi bado wanasubiri kumzika Mangi wao akiwa kamili.