Starling, aliyebaini kwamba utumbo hutuma ujumbe kupitia damu

PROFESA Ernest Starling alikuwa na umri wa miaka 35 alipothubutu kuukosoa, kwa ushahidi, msimamo wa bingwa aliyeheshimika mno katika taaluma ya usagaji wa chakula.

Bingwa huyo alikuwa Ivan Pavlov wa Urusi. Wataalamu wengi wa enzi hizo waliamini, kama yeye, kwamba tindikali ya tumbo inapoingia katika utumbo mdogo, ni neva zinazoliamuru kongosho kumwaga maji ya kusagia chakula.

Starling, mzaliwa wa London aliyesomea udaktari katika hospitali ya Guy's, alifanya kazi bega kwa bega na shemeji yake, William Bayliss. Mnamo Januari 16, 1902, katika chuo cha University College London, wawili hao walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakatenga kipande cha utumbo wake mdogo na kukata neva zake, wakiacha mishipa ya damu pekee. Wakatia tindikali. Kongosho likatoa maji kama kawaida.

Ikiwa neva zilikatwa, habari ilifikaje? Starling alishuku damu. Alikwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga kwa mchanga na tindikali, akauchuja na kuyadunga majimaji hayo katika mshipa wa mnyama huyo. Muda si muda, kongosho likaanza kutiririka. Kemikali hiyo waliiita sekretini.

Pavlov alirudia jaribio hilo kwake na kukubali matokeo, ingawa neva nazo zina sehemu yake katika kazi hiyo. Hata hivyo, ndiye aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Starling hakuipata maishani mwake.

Aidha, utafiti huo ulizua uhasama. Mwaka 1903 watetezi wa wanyama walidai kuwa mbwa mmoja wa kahawia alipasuliwa na Bayliss mbele ya wanafunzi bila kulazwa ipasavyo. Bayliss alishtaki, na Novemba mwaka huo akashinda fidia ya pauni 2,000, lakini manung'uniko yaliendelea kwa miaka mingi.

Mnamo 1905, Starling ndiye aliyeleta katika sayansi neno homoni, lililotokana na Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Alichokuwa amekigusa sasa kinajulikana kwa undani. Seli zinazotoa homoni zimetawanyika mojamoja katika utando wa utumbo, kila moja ikionja kinachopita. Zinazohisi tindikali hutoa sekretini, na kongosho huleta maji ya kuizimua. Nyingine huhisi mafuta na protini, zikatoa kolesistokinini, ambayo hukamua kibofu cha nyongo na kulichelewesha tumbo kumwaga chakula zaidi. Nyingine tena, nyingi zikiwa sehemu za chini za utumbo, hutoa homoni ya GLP-1 inayolihimiza kongosho kutoa insulini baada ya mlo. Dawa za kisukari zinazoiga homoni hiyo zilianza kuidhinishwa mwaka 2005.

Kwa bahati mbaya, utumbo wake mwenyewe ndio uliomsaliti Starling. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana mwaka 1920, akarejea kazini. Mnamo Mei 2, 1927 alifariki akiwa safarini melini karibu na Jamaica, akazikwa Kingston.