Karoli Lwanga, kaka mkubwa wa vijana wa kasri



Kila tarehe 3 Juni padre anavaa nyekundu, tunasikia habari za moto wa Namugongo, tunaimba kwa nguvu, halafu tunarudi nyumbani kula. Moto ulikuwepo, na ulikuwa mkali. Lakini ulikuwa wa siku moja. Leo nataka tukae zaidi kwenye miezi sita iliyoutangulia, maana naona hiyo ndiyo inayomgusa kijana wa miaka 12 au 13, yule ambaye sauti imeanza kukwaruza, mwili unabadilika, na kuna watu wazima wameanza kumwangalia kwa jicho ambalo halielewi.

Karoli Lwanga anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1860 hivi, huko Buganda. Maana yake alipokufa alikuwa na miaka kama 25. Ni rika langu kabisa. Mimi ni frateri, nimemaliza falsafa, na bado mama yangu ananiuliza kama nimekula. Lwanga katika umri huo alikuwa na watoto wa watu wengine mikononi mwake, na aliyekuwa anawawinda ni mfalme.

Hebu kwanza tuelewe mazingira. Mfalme wa Buganda anaitwa Kabaka. Machifu na wakubwa wa nchi walikuwa wanapeleka watoto wao wa kiume kwenye kasri la Kabaka wakahudumu na kulelewa huko, wajifunze adabu, utawala, na baadaye wapewe vyeo. Ukitaka picha yake, fikiria shule ya bweni, ila mwenye shule ana mamlaka ya kukuua asubuhi kabla ya uji na hakuna wa kumuuliza. Mzazi alijivunia mwanae kuchaguliwa. Kumtoa mtoto kule lilikuwa jambo lisilofikirika.

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879. Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, ndiye anayekumbukwa zaidi. Mwishoni mwa 1882 hali iliwawia ngumu wakaondoka, wakavuka ziwa hadi upande wa kusini, na huko wakaanzisha misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza yetu hii. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885. Sasa hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka miwili bila padre, bila Misa, bila kitubio. Ungetegemea kanisa lile changa life. Halikufa, kwa sababu walei waliendelea kufundishana usiku, mmoja akimfundisha mwenzake alichokishika. Mkubwa wao pale kasrini alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana. Lwanga aliingia kasrini mwaka 1884 akawa chini yake. Alikuwa mkatekumeni tu, hajabatizwa. Wanaomsimulia wanasema alikuwa na mwili wa nguvu, mpiga mieleka, na vijana walimpenda.

Mwaka huohuo wa 1884 alifariki Kabaka Mutesa, akarithiwa na mwanae Mwanga. Na hapa kuna jambo ambalo kwenye mahubiri huwa linapita haraka: Mwanga alipoketi kwenye kiti alikuwa na miaka kama 16. Yaani kijana wa kidato cha tatu amepewa nchi, amepewa watu wa kuua, na hakuna mtu wa kumwambia hapana. Simtetei. Nasema tu kwamba katika kisa hiki balehe ipo pande zote mbili. Upande mmoja wapo waliokuwa na mtu wa kuwaongoza, na upande mwingine yupo mmoja aliyezungukwa na watu wa kumwitikia ndiyo.

Nitaandika wazi sasa, kwa sababu kufunika jambo hili hakumsaidii mtoto yeyote. Mwanga alikuwa anawataka kimwili baadhi ya wavulana waliomhudumia. Yosefu Mukasa aliwakinga. Tena Oktoba 1885 Kabaka alipoamuru Askofu Mwanglikana James Hannington auawe huko Busoga, Mukasa alithubutu kumlaumu. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa akauawa.

Siku ileile Lwanga akachukua nafasi yake ya kuwalea wale vijana. Na siku ileile akaenda kwa mapadre akaomba ubatizo, akabatizwa. Nafikiri mpangilio huu una uzito. Mtu mwenye akili za kawaida, akiona bosi wake ameuawa kwa kazi fulani, anaikimbia hiyo kazi. Lwanga aliichukua jioni hiyohiyo, na alichokitaka kwanza ni neema. Aristotle, ambaye alinisumbua sana mwaka wa kwanza, anafundisha kwamba mtu anakuwa jasiri kwa kutenda mambo ya kijasiri mara nyingi mpaka yawe tabia. Lwanga ni mfano mzuri wa hilo. Namugongo haikumkuta hajajiandaa. Alikuwa amefanya mazoezi kila siku tangu Novemba.

Mazoezi gani? Mambo madogo madogo. Kujua kila mvulana yuko wapi. Kujua nani ameitwa na ameitwa saa ngapi. Kabaka akimtafuta kijana fulani, Lwanga anahakikisha kijana huyo haonekani, ametumwa mbali au amefichwa, kisha yeye Lwanga anabaki pale kukabiliana na hasira. Usiku, mafundisho ya dini. Kati ya wote, aliyemhangaisha zaidi ni Kizito, mdogo kuliko wote, wa miaka kama 14, mchangamfu, mwenye kiu ya ubatizo kiasi cha kuwasumbua mapadre. Kabaka alikuwa amemkazia macho. Lwanga akamweka karibu naye.

Hapa naomba unisikilize vizuri, mdogo wangu. Tunapowaambia vijana wa umri wako habari za usafi wa moyo, mara nyingi tunaongea kana kwamba vita yote ni ya mtoto peke yake: jitunze, jikaze, sali. Ni kweli, sali. Lakini angalia Lwanga alivyofanya. Hakumwambia Kizito ajikaze kisha akaenda kulala. Alisimama katikati, kati ya mtoto na yule mkubwa. Kazi ya kumlinda mtoto ni ya mtu mzima kwanza. Na kama yupo mtu, awe ndugu, mwalimu, jirani, hata mtu wa kanisani, anayekulazimisha au kukushawishi mambo ya mwili na kukwambia ukae kimya, dhambi hiyo siyo yako. Dhambi inahitaji hiari, na mtoto anayelazimishwa hana hiari hapo. Tafuta Lwanga wako, mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie. Akikupuuza, mtafute wa pili.

Turudi kwa Lwanga. Februari 1886 kasri la Mengo liliungua na Kabaka akahamia Munyonyo, kando ya ziwa. Tarehe 25 Mei alirudi kutoka kuwinda viboko, hakupata kitu, amekasirika, na alipofika hakuwakuta vijana wake. Ikajulikana kwamba Mwafu, mtoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu, alikuwa anafundishwa dini na Denis Ssebuggwawo. Denis alikuwa na miaka kama 16. Kabaka akampiga kwa mkuki, na asubuhi yake wakammaliza.

Usiku ule milango ya kasri ilifungwa. Lwanga alijua kesho itakuwaje. Ndani walikuwemo wakatekumeni ambao walikuwa wanausubiri ubatizo kwa muda mrefu, akiwemo Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Padre hayupo, na hawezi kuingia. Basi Lwanga akawabatiza mwenyewe. Ninyi mliosoma katekisimu mnajua kwamba katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, akitumia maji, maneno ya Utatu Mtakatifu, na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Wengi tunaikariri hiyo kwa ajili ya mtihani wa kipaimara. Yeye aliihitaji gizani, kwa sauti ya chini, huku akijua kwamba wale anaowabatiza hawataishi muda mrefu.

Asubuhi Kabaka akaamuru wanaosali wasogee upande mmoja. Lwanga alitangulia. Inasimuliwa kwamba alikuwa amemwahidi Kizito kumshika mkono saa ikifika, na wakaenda wameshikana. Wengine wakafuata. Padre Lourdel alikuwa amekuja kuomba kuonana na Kabaka, akabaki nje, na alichoweza ni kuwatazama tu wakipita wamefungwa kamba.

Wakapelekwa kwa miguu hadi Namugongo, wengine wakiuawa njiani. Huko walikaa karibu juma zima wakisubiri kuni zikusanywe. Mimi hilo juma ndilo linalonishinda kulifikiria. Kufa ghafla kwa ujasiri, naweza kuwaza. Lakini kuamka kila asubuhi, siku ya pili, ya tatu, ukijua unaweza kuikana imani na kwenda nyumbani? Mbaga alikuwa mtoto wa kulelewa wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wenyewe, na ndugu zake walimbembeleza akubali hata kufichwa tu. Akakataa. Mwishoni Mukajanga aliagiza apigwe shingoni kwanza, asiunguzwe akiwa hai.

Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na vijana wake. Baada ya miezi yote ile ya kuwa nao, alikufa peke yake. Walimuunguza kwa moto mdogo, polepole, wakianzia miguuni. Wale wengine, pamoja na Kizito, walifungwa kwenye mafurushi ya matete na kuchomwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja. Wachache waliachwa hai dakika za mwisho, mmoja wao Denis Kamyuka, na ni kwa midomo yao tunayajua mengi ya haya.

Papa Pius XI alimtangaza Lwanga msimamizi wa vijana wa Afrika mwaka 1934, na Papa Paulo VI akamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21 tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Vatikano. Basilika ya Namugongo leo inasimama pale alipounguziwa.

Na Mwanga je? Mwaka 1888 alipinduliwa. Akakimbilia kusini kwa njia ya ziwa, akateseka huko, na mwishowe akabisha hodi Bukumbi, kwa mapadre walewale ambao vijana wao aliwachoma. Wakamfungulia, wakamlisha, wakamhifadhi. Mwaka uliofuata Wakristo wa Buganda walimsaidia kurudi kwenye kiti chake. Baadaye Waingereza walimpeleka uhamishoni visiwa vya Shelisheli, na huko akabatizwa na Waanglikana, akaitwa Danieri. Alifia kulekule mwaka 1903.

Mt. Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.