Mtu Aliyepima Hewa Tunayoambiwa Tuipuuze

Kama umesoma fizikia hata ya kidato cha tatu tu, ile sentensi unaikumbuka. Jiwe limedondoka kutoka juu ya jengo, tafuta kasi yake linapogusa ardhi, puuza ukinzani wa hewa. Mimi nimeipuuza hewa tangu sekondari, nikapata alama zangu, nikaona mambo ndiyo hayo. Mwaka wa kwanza hapa chuoni swali likaja kinyume: safari hii usiipuuze. Nikakwama. Nikala sapu.

Waliowahi kuila wanajua. Ukishindwa na sapu, unaanza kunusa kudisko, na kudisko kwangu kulikuwa na maana ya kushuka stendi ya Tanga na begi langu, niende nikamweleze mama, ambaye ada yangu anaitoa kwenye meza yake ya nyanya sokoni Makorora. Likizo ile nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia kwamba fizikia si yangu.

Uani kwa bibi kuna mnazi mmoja mrefu. Jioni moja nimekaa pale, likadondoka kuti kavu. Lilikuja likiyumba na kujigeuza, utadhani halina haraka. Baadaye akaja mkwezi kuangua. Koroma likatua puu, na kidaka kilichochomoka nalo kikafika chini karibu sawia. Nikakodoa macho. Kidaka ni kitu cha kutia kiganjani, koroma ni mzigo, lakini vimefika pamoja. Kuti ni zito kuliko kidaka mara nyingi, lakini ndilo lililochelewa. Basi kinachochelewesha si uzito. Ni hewa, na hewa inalishika zaidi kuti kwa sababu limetanuka.

Nilipoanza kulisemea hilo jambo, mjomba, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye uvuvi upande wa Malindi, akanikatisha. Akasema kule Ngomeni zamani alikuja Mtaliano na mizani ya kupimia hewa hiyohiyo, ila yake ilikuwa inapima juu angani. Nikadhani ni hadithi za wavuvi. Kumbe ni kweli tupu, na mtu mwenyewe alikuwa profesa.

Anaitwa Luigi Broglio. Alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, ng'ambo kidogo tu ya Venice. Alisomea uhandisi, akawa ofisa wa Jeshi la Anga la Italia na mwalimu wa uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma, kile kinachoitwa Sapienza. Karne tatu kabla yake, Mtaliano mwenzake Galileo alikuwa ameshafikia hitimisho kwamba hewa isingekuwepo, vitu vyote vingedondoka sawasawa, vizito kwa vyepesi. Galileo aliiweka hewa pembeni ili aione nguvu ya uvutano vizuri. Broglio akaenda kuifuata ile iliyowekwa pembeni.

Hapa lazima nieleze kitu kilichonipiga chenga muda mrefu. Setilaiti haielei. Hata kilomita 200 juu, nguvu ya uvutano bado ni zaidi ya asilimia 90 ya hii inayolivuta koroma kwa bibi. Setilaiti inadondoka muda wote, ila inakwenda pembeni kwa kasi ya karibu kilomita 8 kila sekunde, kwa hiyo kila ikidondoka, Dunia nayo imeshajipinda chini yake. Ingezunguka hivyo hivyo miaka nenda rudi, kama si hewa. Huko juu hewa ni nyembamba mno, lakini ipo, na inaipunguza setilaiti nguvu kidogokidogo mpaka inashuka. Jua likichachamaa, hewa ya juu inatanuka na setilaiti zinashuka mapema zaidi. Ndiyo maana mwaka 1979 kituo cha anga cha Marekani, Skylab, kilianguka mapema kuliko kilivyopangiwa, na vipande vyake vikatawanyika mpaka Australia Magharibi. Hiyo ndiyo hewa ya kupuuzwa.

Sasa unaipimaje hewa nyembamba namna hiyo? Broglio alitengeneza setilaiti ya mviringo yenye sehemu mbili: kiini kizito ndani na ganda jepesi nje, vikiunganishwa kwa vishikizo vinavyonesa. Hewa inaligusa ganda peke yake. Ganda likisukumwa, vishikizo vinapinda, na chombo kinasoma vimepinda kiasi gani. Ukiniuliza mimi, ni kuti na koroma vilivyofungwa pamoja, halafu unaangalia kimoja kinamchelewesha mwenzake vipi. Setilaiti hiyo akaiita San Marco, jina la mtakatifu mlinzi wa Venice, karibu na kwao.

Roketi hakuwa nayo. Mwaka 1962 Italia ikakubaliana na Marekani: Wamarekani watoe roketi yao ya Scout na mafunzo, Waitaliano walete setilaiti na warushe wenyewe. San Marco 1 ilirushwa kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Lakini Broglio alitaka kurushia kwenye ikweta, baharini. Sababu zake zilikuwa za kihandisi. Karibu na ikweta Dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, kwa hiyo roketi inaanza safari ikiwa imeshapewa lifti. Na upande wa mashariki kuna Bahari ya Hindi tupu. Kikianguka kitu hakimwangukii mtu.

Ndivyo majukwaa yake yalivyofika kwenye maji ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. San Marco 2 iliruka kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, siku ambayo sisi huku tulikuwa tunaadhimisha miaka mitatu ya Muungano. Iliipima hewa juu ya ikweta kwa miezi kadhaa, na ilipofika Oktoba, hewa hiyohiyo ikaishusha na kuiteketeza. Mizani imeliwa na ilichokuwa inakipima.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa ziliruka kutoka pale. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na wanaastronomia mpaka leo wanalitamka neno hilo la Kiswahili. Mwaka uliofuata yakatokea mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. Aprili, San Marco 3 ilikwenda kupima hewa. Agosti, mwanaanga David Scott akiwa Mwezini, pasipo na hewa, aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja, vikatua pamoja. Mmoja alionyesha kinachotokea hewa isipokuwepo, mwingine alikuwa anahesabu gharama ya kuwepo kwake.

San Marco 5, Machi 1988, ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Broglio alifariki Roma Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Ninavyomheshimu mzee huyu, kuna jambo halinitoki. Roketi ilikuwa ya Mmarekani, setilaiti nyingi zilikuwa za wageni, bahari na jina la Uhuru ndivyo vilikuwa vyetu. Ilichukua mpaka Mei 2018 ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na Sapienza ileile ya Broglio, kikapata setilaiti yake angani, kimchemraba cha sentimita kumi hivi kila upande. Nairobi ni wanafunzi kama sisi. Sisi wa huku tunangoja nini?

Mama sikumwambia kitu. Nilirudi chuoni, nikaifanya sapu, na swali la ukinzani wa hewa likaja tena. Nililianza kwa kuchora kuti. Nikapita, si kwa alama za kutambia, ila nikapita.

Semista hii tunachagua mada za mradi wa mwisho. Yangu nimeshaiandika: kasi ya kudondoka kwa kuti la mnazi likilinganishwa na koroma. Msimamizi alicheka kwanza, halafu akaniuliza nitaipima vipi, nikajua amekubali. Kamera ya simu yangu ni mbovu. Mwenye simu inayorekodi vizuri, ambaye yuko tayari kwenda Makorora wikiendi moja na kula kwa bibi, anikute kantini.