Abram Ioffe: Aliyeufanya moto wa kupikia uendeshe redio

KATIKA maeneo kame kama Kulamawe, Kaunti ya Isiolo, kwenye barabara ya kuelekea Garba Tulla, moto wa kuni ulitangulia waya wa umeme kwa miaka mingi. Iwapo moto huo unaochemsha chai waweza pia kuendesha redio ni swali lililojibiwa zamani, mbali na Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa mwanafizikia Abram Fyodorovich Ioffe.

Ioffe alizaliwa mwaka 1880 mjini Romny, katika Ukraine ya leo, kwenye familia ya Kiyahudi. Baada ya kuhitimu St Petersburg mwaka 1902 alikwenda Munich, Ujerumani, akawa msaidizi wa Wilhelm Röntgen, mgunduzi wa eksirei. Röntgen alitaka abaki huko, lakini mwaka 1906 alirejea nyumbani. Mwaka 1918, nchi ikiwa imezongwa na njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, alianzisha kituo cha utafiti kilichokuja kuwa Taasisi ya Fizikia na Ufundi. Humo walipitia Kapitsa na Semyonov, waliotunukiwa Nobel baadaye, pamoja na Kurchatov, aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki la Kisovieti.

Tangu 1821, Thomas Seebeck alikuwa ameonyesha kuwa metali mbili tofauti zikiunganishwa, kiungo kimoja kikapashwa moto na kingine kikabaki baridi, umeme hupita. (Seebeck mwenyewe alidhani ameona usumaku tu.) Umeme huo ulikuwa haba mno. Ioffe alishikilia kuwa semikondakta zingetoa zaidi.

Vita vilimpa nafasi ya kuthibitisha. Wajerumani walipovamia mwaka 1941, wapiganaji wa msituni walihitaji redio, na betri hazikupatikana kwa urahisi nyuma ya safu za adui. Watafiti wake wakaunda sufuria yenye viungo hivyo kwenye kitako. Moto ulipasha upande wa chini, nayo maji yaliyomo yakazuia upande wa juu usipate joto kupita lile la kuchemka. Aliyepika uji aliweza pia kutuma ujumbe. Katika miaka ya 1950 kikaja kifaa cha kuvishwa juu ya taa ya mafuta, chenye mapezi ya kupoza, kilichoendesha redio vijijini.

Zilikuwa wati chache tu, na udhaifu huo haujaondoka: sehemu kubwa ya joto hupotea bure. Hata hivyo majiko ya BioLite, yaliyouzwa pia Kenya, hutumia kanuni iyo hiyo kuzungusha feni na kuchaji simu.

Mwaka 1950, akiwa na miaka 70, Ioffe aling'olewa ukurugenzi wa taasisi aliyoiasisi, wakati wa kampeni za Stalin zilizowaandama Wayahudi. Hakustaafu. Mwaka 1952 alianza upya na maabara ya semikondakta, ambayo miaka miwili baadaye ilipandishwa kuwa taasisi kamili. Alifariki Oktoba 14, 1960, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 80. Mwaka huohuo, taasisi iliyomfukuza ikapewa jina lake.